Mkufunzi wa Bakuli la Mtu Mmoja

Jina lake nalijua, lakini sikuwahi kulitumia. Jikoni kwetu Riyadh kila mtu alimwita Mkufunzi. Wakenya na Watanzania tulimwita hivyo, na hata Wanepali na Wafilipino, ambao nadhani waliamini ndilo jina alilopewa na mama yake. Alizaliwa wapi hasa, alikuwa wa ngapi kwao, babu yake alitoka bara gani, hayo sikuyauliza na yeye hakuyatoa. Alikuwa Mzanzibari, basi. Ukimsikia akitamka sentensi moja ulishajua. Mimi nilimjua kuanzia kwenye kifundo cha mkono, na huko ndiko nitakakoanzia.

Mkahawa wetu uliuza chakula cha Kimeksiko kilichopitia Marekani kabla ya kufika Saudia. Mteja alitembea upande wa pili wa kioo akionyesha kwa kidole, na wewe ukamjazia bakuli lake: wali wa ndimu na giligilani, maharagwe meusi, kuku wa kuchoma, mahindi, jibini, krimu, parachichi la kupondwa, na ile nyanya ya kukatwakatwa na vitunguu ambayo wenyewe wana jina lake refu lakini sisi tuliiita kachumbari, kwa sababu ni kachumbari. Kazi ya Mkufunzi ilikuwa kutufundisha sisi wageni, ambao ikama zetu, vile vibali vya ukaazi, zilikuwa hazijatoka na miili bado inasikia baridi ya ndege, namna ya kupakua kila kitu kwa kipimo kimoja.

Alichota wali kwa upawa, akageuza kifundo kidogo tu, wali ukalala sawa na ukingo, akamimina. Ukiweka kwenye mizani, uzito ni ule ule. Akirudia, ni ule ule. Kampuni ilimsomesha kozi ya lishe na vipimo na akafaulu vizuri, lakini kile kifundo nadhani alikuja nacho kutoka kwao.

"Usipime kwa mkono," alituambia. "Mkono una huruma. Pima kwa kifundo."

Siku yangu ya kwanza nilijaza bakuli kama ninavyomjazia mgeni kwetu Nakuru. Likawa kilima. Mkufunzi alilitazama, akalizungusha, akaniuliza kwa sauti ya upole kabisa.

"Hiki umempa nani?"

"Customer, Mkufunzi."

"Mmoja?"

"Mmoja."

"Basi umemlisha yeye na jirani yake, na jirani mwenyewe hayupo. Mwaga, anza tena."

Hakuwa mtu wa kupiga kelele. Alikuwa na ukali wa watu wasafi: anakuja, anasimama nyuma yako, hasemi kitu, na wewe mwenyewe unagundua kwamba umeshika upawa vibaya. Ukimwambia umeweka jibini "kidogo tu", alikuuliza hicho kidogo kina gramu ngapi. Na ukijibu hujui, alisema, "Basi usikiite kidogo. Kiite sijui."

Kuhusu kalori angeweza kuzungumza mpaka chai ipoe. Watu wengi walikuja kwetu wakiamini kwamba bakuli ni chakula cha kupunguza mwili, kwa sababu lina majani ya kijani na halina chapati. Mkufunzi aliwakubalia nusu. Ni kweli, alisema, ile chapati kubwa ya kuviringishia peke yake inakaribia kalori mia tatu, na ukiiacha umeokoa kitu. Lakini angalia binadamu anavyofanya akishaokoa. Anasema, leo nimeacha chapati, basi niongezee krimu. Niongezee jibini. Nipe na parachichi. Nipe na zile chipsi za mahindi pembeni, na soda kubwa. Upawa wa wali ni kama kalori mia mbili. Parachichi ni zuri kwa moyo lakini nalo linafika huko huko. Krimu na jibini kila kimoja kinapita mia. Chipsi ni mlo mwingine kabisa uliojificha kwenye mfuko wa karatasi. Mtu anatoka pale na kalori zaidi ya elfu na anajipongeza kwa sababu juu yake ameona majani.

"Salata ni pazia," alipenda kusema. "Sogeza uone nyuma yake."

Hakuchukia chakula kile, tafadhali usinielewe vibaya. Aliyapenda maharagwe kupita kiasi. Alituambia yana protini, yana nyuzinyuzi, yanakaa tumboni muda mrefu na hayapandishi sukari kwa kishindo kama wali. Akiona mteja anayaruka maharagwe aliumia kana kwamba amerukwa yeye. Kachumbari aliiruhusu bila kikomo, maana karibu haina kalori, ila chumvi. Chumvi ilimkosesha raha, kwa sababu haikuandikwa kwa herufi kubwa popote.

Ulipofika wakati serikali ilipoagiza mikahawa ionyeshe kalori kwenye menyu, wafanyakazi wengine waliona ni usumbufu. Mkufunzi aliona ni sikukuu. Alipanda ngazi mwenyewe kufuta vumbi kwenye bango. Wateja wakaanza kusoma na kushtuka. Alikuwepo bwana mmoja mnene, mtumishi wa ofisi ya jirani, aliyekuja kila mchana. Siku alipoona nambari ya bakuli lake alisimama pale akaisoma mara ya pili, halafu akamtazama Mkufunzi kama mtu aliyesalitiwa na rafiki.

Mkufunzi alimwambia kwa Kiarabu chake cha jikoni: mafi mushkila, hakuna shida. Wali nusu, maharagwe zaidi, kuku kama kawaida, kachumbari mpaka useme basi, krimu halas, imekwisha. Soda badilisha maji. Yule bwana akafuata. Baada ya muda alirudi akiwa ameuvuta mkanda wake matundu mawili, akamletea Mkufunzi boksi la tende za bei, amelifunga kwa utepe.

Mkufunzi alilipokea kwa mikono miwili, akashukuru sana, akaenda nalo jikoni, akatugawia sisi sote. Hakula hata moja. Hapo ndipo nilipojua kwamba ana kisukari.

Hakuficha, ila hakupenda kigeuke gumzo. Kaka yake alikatwa mguu kwa ugonjwa huo huo, kisha wa pili, akamaliza maisha yake kwenye kiti akitazama mlango. Mkufunzi alikuwa na ombi moja tu kwa Mungu na alilisema waziwazi, bila haya.

"Nataka nirudi kwetu nikitembea. Nishuke ndege, niende mwenyewe kwa miguu yangu mpaka mlangoni. Mengine yote anipe au asinipe."

Kwa hiyo alijitunza. Chai yake haikuwa na sukari. Alitembea kutoka sakani, ile nyumba ya wafanyakazi, mpaka kazini, hata jua la Riyadh likiwa linachoma viatu. Kila baada ya miezi kadhaa alikwenda zahanati kupimwa, na kule kulikuwa na mama mmoja wa Kisudani, mshauri wa lishe, aliyemheshimu kwa sababu ndiye mgonjwa pekee aliyekuja na gramu zake kichwani.

Sasa niseme jambo lililokuwa linatuchekesha. Huyu mtu, aliyetufundisha kila siku namna ya kuandaa bakuli la mtu mmoja, yeye mwenyewe hakuweza kula kutoka kwenye bakuli la mtu mmoja. Chakula hakikupita kooni. Kila mfanyakazi alikuwa na haki ya bakuli lake baada ya msongamano wa mchana. Mkufunzi aliponiona mara ya kwanza nimekaa kwenye kreti na bakuli mapajani, nikila peke yangu, alisimama.

"Umegombana na watu?"

"Hapana, Mkufunzi. I'm just eating."

"Basi unakulaje kama uliyefukuzwa?"

Alikuwa na sinia kubwa la bati alilonunua sokoni Batha. Alilitandika juu ya makatoni kule nyuma, akatuagiza kila mtu amwage bakuli lake humo. Wali chini, maharagwe juu, kuku katikati, kachumbari pembeni. Tulikuwa saba, tukakaa kulizunguka, tukanawa, tukala kwa mkono. Mimi nilikulia kwenye sahani yangu na kijiko changu, na siku za mwanzo wali uliniangukia kifuani kama mtoto. Mchoma kuku wetu, Mluhya wa Kakamega mwenye mdomo kama redio, alinicheka mpaka akapaliwa.

"Huyu ataenda nyumbani na njaa! Shika tonge, bro, si unakula wali, huandiki barua!"

Nilijifunza. Na niseme ukweli, ile nusu saa ndiyo iliyonipitisha mwaka wa kwanza. Riyadh ni mji mkubwa na una watu wengi, lakini unaweza kukaa wiki nzima bila mtu kukuuliza umelalaje. Unaenda kazini, unarudi, unalala kitandani chini ya mtu usiyemjua vizuri, unampigia mama simu unamwambia mambo ni poa. Pale kwenye sinia mtu alijua kama sijala vizuri. Mtu aliniambia, wewe leo una jambo, sema. Nilikuwa nawaza juu ya lile sinia tangu asubuhi, na si kwa sababu ya njaa.

Kuhusu sukari yake, Mkufunzi alikuwa na hesabu. Alijua kilichoingia kwenye sinia, kwa sababu kilitoka kwenye mabakuli na mabakuli tuliyapakua kwa vipimo vyake. Aligawa kwa saba. "Hesabu ya sinia ni hesabu ya watu," alisema, akiwa na amani kabisa. Fungu la saba lilikuwa ndani ya kile alichoruhusiwa. Akala na watu, akashukuru Mungu.

Lakini sukari ilipanda. Alikwenda zahanati, ikawa juu. Akapunguza mkate wa asubuhi, akaenda tena, ikawa juu zaidi. Yule mama wa Kisudani akaanza kumtilia shaka, akamwambia siku moja, kwa mzaha ambao haukuwa mzaha, "Ya baba, wewe unakula halua kwa siri." Alirudi amenuna kwa namna ambayo sijapata kuiona. Alitusimulia akitikisa kichwa. Miaka yake yote, alisema, hajawahi kuitwa mwongo na mtu aliyemzidi yeye hesabu wala aliyempungukia. Vidole vya mguu wake wa kushoto vilikuwa vimeanza kufa ganzi. Hilo halikumnunisha. Lilimwogopesha, na tuliona.

Kisha ikaja siku ya lori.

Lori la mizigo lilifika mlango wa nyuma wakati tumeshanawa mikono. Mkufunzi akainuka kwenda kusaini na kuhesabu makatoni. "Kuleni," alisema, "msinisubiri, kitapoa." Tukala. Mchoma kuku alikuwa anatusimulia juu ya kafili wa binamu yake, yule mwajiri aliyemdhamini, tukacheka, tukamaliza. Mkufunzi aliporudi, sinia lilikuwa jeupe pande zote, isipokuwa mahali pake. Mahali pake palikuwa na kilima. Vipande vya kuku vilivyonona, parachichi lote lililokuwepo, wali uliosukumwa kutoka kila upande mpaka ukasimama.

Alikaa akitazama. Hakunawa.

"Nani kaniwekea hiki?"

Mchoma kuku ndiye aliyejibu. "Hakuna mtu amekuwekea, Mkufunzi. Tumekula tu. Hiyo imebaki yako."

Na ilikuwa kweli. Hakuna aliyekusudia. Ilikuwa mikono tu. Mkubwa yupo, au mahali pake papo, basi kipande kizuri unakipa msukumo mdogo kwa ncha ya vidole kiende upande wake, huku mdomo unazungumza mambo mengine. Watanzania walikuwa na adabu hiyo tangu kwao. Sisi wengine tuliiga, na mimi, mtoto wa sahani na kijiko, nilikuwa nimeshakuwa bingwa wake. Siku zote alipokuwepo alikila kile kilima kadiri kilivyokuja, kidogo kidogo, bila kukiona kikiwa kimekusanyika. Siku ile hakuwepo wa kukila, ndiyo maana kikaonekana.

Mkufunzi alileta mizani. Alikusanya kile kilima kwenye chombo, akaweka, akasoma. Alitoa, akaweka tena, ingawa mizani ile hakuna aliyewahi kuishuku.

"Hiki ni cha watu watatu," alisema. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Yule mama hakunionea."

Alitueleza bila hasira. Alitwambia kwamba yeye aligawa chakula kwa vichwa, akasahau kwamba watu wana mikono. Alitushukuru, na hilo ndilo lililotuumiza. Alisema tangu aje nchi hii hajaheshimiwa hivi na mtu yeyote, na akaomba, tafadhali, kuanzia kesho kila mtu ale kilicho mbele yake mwenyewe.

Tulijaribu, Mungu ni shahidi. Siku za mwanzo tulikaa mikono imebana kama watu wanaofanya mtihani. Lakini mkono ukishazoea adabu hauna masikio. Wiki haikuisha kabla sijaona kidari cha kuku kinasafiri tena kuvuka wali. Nilimtazama Mkufunzi. Vidole vyake vilisimama juu ya kile kipande, hewani, muda mrefu. Kisha akakichukua, akakila, akatazama pembeni.

Baadaye nilimuuliza kwa nini asikirudishe tu.

"Kwetu hakirudi, mwanangu," alisema. "Mtu akikusogezea kitu, ukimrudishia umemvunjia uso mbele za watu. Bora nile."

"Hata kama kinakuua?"

Kesho yake hakuja kwenye sinia.

Alianza kula stoo. Alijipakulia bakuli, moja, kwa kifundo chake mwenyewe: wali nusu upawa, maharagwe, kuku, kachumbari nyingi. Alilipima, akalifunika, akaenda nalo ndani, akakaa kwenye kigoda ameupa mlango mgongo. Mbele yake palikuwa na rafu ya mikebe ya maharagwe, imepangwa mpaka juu. Alikula akiwa ameielekea. Ukipita kuchukua kitu ulisema "samahani, Mkufunzi", na yeye alisema "bila samahani" na mdomo umejaa, hakugeuka. Nilimwonea uchungu nikakosa la kufanya. Ungemwambia nini mtu anayeokoa mguu wake?

Na aliuokoa. Sukari ilishuka, akatutangazia, tukampigia makofi. Ikashuka tena. Ganzi ikarudi nyuma. Yule mama wa Kisudani alimwomba radhi kwa yale maneno ya halua. Ukipima kwa gramu, Mkufunzi alikuwa ameshinda.

Upande wetu hatukumwambia kilichotokea. Sinia bila yeye halikuwa na mtu wa kulianzisha. Kwanza Mfilipino mmoja aliomba kula mapema, kisha mwingine akasema anapendelea kijiko, kisha mchoma kuku mwenyewe akaonekana kwenye kreti na bakuli lake na simu yake, anacheka na watu wa Kakamega. Mimi nilichukua kreti iliyobaki. Siku moja nikaona sinia limewekwa chini ya mashine ya barafu kukinga maji. Nilipolirudia jioni halikuwepo. Mkufunzi alikuwa amelitoa, amelisugua, amelifunga kwenye mfuko, akaondoka nalo.

Muda mfupi baadaye kampuni ikamhamishia Jeddah kufundisha tawi jipya. Tuliagana mlangoni pa basi. Alinishika kifundo cha mkono badala ya kiganja, akakigeuza kidogo, akatabasamu. "Kimekomaa," alisema. Nilibaki nimesimama na ule mkono.

Miaka ikapita kama inavyopita kule, mkataba kwa mkataba. Mchoma kuku alirudi nyumbani. Wenzetu wote wa sinia walitawanyika. Mimi nikapandishwa cheo, na cheo chenyewe kikawa kile kile: nikawa mkufunzi. Nilisimama nyuma ya watoto wapya kutoka Kitui na Tanga, nikawauliza kidogo chako kina gramu ngapi. Mchana nilikula bakuli langu ofisini. Nilijua kalori zake kila siku, na sikuweza kukwambia lilikuwa na ladha gani.

Kampuni iliponituma Jeddah kwa kazi ya wiki mbili, nilimtafuta. Aliniambia kwa simu anakaa mtaa wa Hindawiyah, juu ya duka la vipuri, nije Ijumaa baada ya swala, tutakula.

Nilimkuta amekonda na amezeeka. Kitu cha kwanza nilichotazama ni miguu yake. Ilikuwa yote miwili, ndani ya ndara, na alinitangulia kwenye ngazi bila kushika ukuta.

"Unaikagua?" aliniuliza bila kugeuka.

"Naikagua, Mkufunzi."

"Ipo. Alhamdulillahi. Na mimi halas, mwanangu. Wiki ijayo nasafiri. Narudi moja kwa moja."

Nilifurahi kwa sauti, nikampongeza, nikasema ombi lako limejibiwa, utashuka ndege utembee mpaka mlangoni. Yeye alitikisa kichwa polepole, akaenda kupakua. Chumba kilikuwa kidogo, na kulikuwa na harufu ya ndimu na giligilani. Alikuwa amepika wali wetu, maharagwe yetu, kuku wetu. Juu ya meza palikuwa na mizani ndogo na mabakuli mawili yenye vifuniko. Ukutani, kwenye msumari, lilining'inia lile sinia, linang'aa.

Alilipima langu, akalipima lake. Alinipa langu. Kisha akafanya kitu ambacho nadhani hakukijua. Alichukua bakuli lake, akageuza kiti, akaketi ameuelekea ukuta.

"Mkufunzi," nilisema.

Akagutuka. Akageuza kiti tena, akacheka kidogo kwa aibu. "Samahani. Mazoea."

Tulikula kidogo. Kisha akaanza kusema, akiwa anatazama bakuli.

"Nyumbani wameshaanza kuandaa. Mke wangu, wanangu, wakwe, wajukuu ambao sijawashika mkononi. Siku ya kwanza watatandika sinia, unajua. Watakaa wote. Na wote watanisogezea. Watanisogezea mpaka waniue."

"Si uwaambie una sukari?"

"Wanajua. Ndiyo maana watasogeza zaidi." Aliweka kijiko chini. "Nimempigia mke wangu, nimemwambia anitafutie bakuli. Dogo, la kwangu. Nitakuwa nakula chumbani. Akaniuliza, kwani sisi tumekukosea nini?"

Miaka yote niliyomjua sikuwahi kumwona analia, na hata siku ile hakulia hasa, ila alikaa amefumba macho kwa muda. Nilielewa kilichokuwa kinamsubiri. Alikuwa anarudi kwao akitembea, kama alivyoomba, kwenda kukaa stoo nyingine.

Niliinuka nikalitoa sinia ukutani. Sikuwa na mpango wowote, nilikuwa nimechoka tu na bakuli. Nililitandika mkekani, nikamwaga langu upande mmoja.

"Usifanye hivyo," alisema.

"Tuko wawili tu, Mkufunzi. Mwaga."

Alichelewa, lakini akamwaga. Tukanawa, tukakaa. Alikula mbele yake kwa uangalifu, mimi mbele yangu. Akaniuliza habari za Nakuru, nikamsimulia juu ya mama na nyumba anayojenga isiyoisha, na nilipokuwa katikati ya maneno mkono wangu ukafanya yake. Paja la kuku, lile lenye ngozi iliyoungua vizuri, likavuka wali likasimama mbele yake.

Tuliliona wote wawili kwa pamoja. Vidole vyake vilisimama hewani, vile vile kama Riyadh. Nikajua atalichukua, alile, atazame pembeni, na itakuwa ndiyo mara ya mwisho kula na mimi.

Akalirudisha. Kwa upande wa nyuma wa vidole, taratibu, alilisukuma lile paja mpaka likanifikia.

"Kula wewe, mwanangu," alisema. "Mimi changu kinanitosha."

Nililichukua nikalila. Lilikuwa tamu sana, nikatafuna mpaka gegedu la mwisho. Nilipoinua macho nikamkuta ananikodolea, amesahau kula, anausoma uso wangu.

"Umekasirika?"

"Nikasirike aje, Mkufunzi? Umenipa nyama. Kuna ingine?"

Alicheka, kicheko cha kweli, kisha kikamwisha ghafla.

"Na wale," aliniuliza. "Riyadh. Kama ningewarudishia, mngeninunia siku ngapi?"

Nilimfikiria mchoma kuku, nikawafikiria wote. Ningeweza kumdanganya kidogo, kwa upendo. "Hata dakika moja, Mkufunzi."

Aliitikia kwa kichwa mara nyingi, akitazama ukuta ambao kiti chake kilikuwa kimeuelekea.

"Na mimi nikaenda kula na mikebe ya maharage," alisema.

Alinyoosha kidole chenye wali kuelekea simu yake kitandani, akaniomba nimpigie nyumbani na nimshikie sikioni, maana mkono wake haukuwa safi. Nikapiga, nikashika. Mkewe alipokea, nikasikia kelele za watoto nyuma yake.

"Lile bakuli nililokuagiza," alimwambia. "Usilitafute tena."

Kisha akarudisha mkono siniani, upande wake, akaendelea kula.